Na Jiwe Halikukoma

Mpwa wangu Yasini hakuzaliwa na kipaji cha ushairi, na mimi niliyemfundisha nililijua hilo mapema kuliko watu wengine. Vina vyake vilikuwa sahihi, mizani yake haikupungua wala kuzidi, lakini beti zake zilikuwa kama kanzu iliyotundikwa ukutani: umbo la mtu lipo, mtu mwenyewe hayumo. Tangu alipokuwa akikaa mkekani mbele yangu, hapa Chanji, nilimwonya asitunge jambo ambalo jicho lake halikuliona wala sikio lake halikulisikia. Alikuwa akiitikia kwa adabu, kisha akienda kutunga juu ya bahari, ambayo sisi wa Ufipa tunaisikia kwa wageni tu.

Alikuwa mtoto wa pekee wa dada yangu Mwavita. Baba yake alifariki kule Kirando, ziwani, mtoto angali ananyonya. Mwavita akapanda nyanda za juu na mtoto mgongoni, akaja kukaa kwangu. Mimi sikujaaliwa mtoto. Kwa hiyo Yasini alikuwa wa dada na wangu pia, na siku alipoteuliwa kuwa katibu wa kijiji kipya, kando ya barabara ya Matai, tulichinja mbuzi na nikasoma dua mpaka sauti ikanikauka.

Hiyo ilikuwa miaka ya Operesheni, watu walipotolewa katika vitongoji mbalimbali wakakae pamoja vijijini. Wapo waliohama kwa kupenda, wapo waliohama kwa kusukumwa. Katika kitongoji kimoja alibaki mwanamke mzee, Luciana, mjane, ambaye kila alipoambiwa kesho lori litakuja alijibu kwamba kesho ni mbali. Siku ya siku ilipofika, binti yake Zita alimpikia uji asubuhi, akajitwika mizigo, akatangulia. Jioni ile ikaja habari kwamba nyumba ya Luciana imeteketea, naye mwenyewe yumo.

Katibu Yasini ndiye aliyeeleza matangani. Alisema alikwenda kumchukua mama yule kwa heshima zote, akakuta paa limekwisha kuanguka, hakuna sauti, hakuna mtu wa kuokoa. Bila shaka, alisema, makaa ya uji yaliachwa mekoni bila kufunikwa, na upepo wa kipupwe ukafanya yaliyobaki. Hakumtaja Zita kwa jina. Hapakuwa na haja.

Ni lazima nieleze adhabu aliyoipata Zita, maana aliye mbali na kwetu hawezi kuiona. Katika kijiji kile asubuhi ya baridi, nyumba ambayo moto wake umezimika hutuma mtu kwa jirani na kigae, apewe kaa moja la kuwashia. Hakuna aombaye ruhusa, na hakuna anyimwaye. Tangu mazishi ya Luciana, hakuna mtu aliyekwenda na kigae kwa Zita. Moto wake ulikuwa umemuua mama, basi nani aulete nyumbani kwake? Kaka yake Adolfu, aliyejenga nyumba ya tatu kutoka kwake, aliwaonya watoto wake wasipite uani mwa shangazi yao. Yeye mwenyewe, alipokutana naye njiani, hakuinama wala hakupiga makofi ya salamu kama ilivyo desturi yao. Alipita kama apitaye kisiki. Zita hakulalamika. Aliamini kwamba ni kweli.

Mwavita alikuwa akinunua ulezi kwake, kwa huruma, na alikuwa akiusaga mwenyewe uani kwetu kwenye jiwe alilolileta kutoka Kirando. Katika jambo hilo tu ndipo alipogombana na mwanawe.

"Mama, mashine iko mjini," Yasini alikuwa akisema kila ajapo kututembelea. "Watu watasema katibu anamtesa mama yake."

"Watu waje waonje uji wa mashine, kisha waonje wangu."

"Basi subiri niondoke ndipo usage."

"Mwana gani huyu, anakula ugali lakini hataki kuusikia!" Mwavita alicheka, akaendelea kusaga. Yasini aliinuka, akaenda kusimama barabarani mpaka jiwe liliponyamaza. Tulimtania kwamba ukubwa umempanda kichwani.

Mwaka uliofuata, kijiji kilipojiandaa kuadhimisha kuanzishwa kwake, Yasini alikuja kwangu baada ya sala ya alasiri. Alikuwa ametunga utenzi mrefu wa kusomwa siku hiyo mbele ya wageni kutoka mkoani, na alitaka niupime. Mimi sisahihishi kwa kalamu. Mwanafunzi hunisomea mara moja, nami nimefumba macho. Kisha namrudishia beti zake kutoka kichwani, na pale ninapokwama ndipo penye kasoro. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyojua Yasini kwamba kinachoingia katika masikio yangu hakitoki.

Alianza:

*Sasa sote twaungana*
*Kwa umoja twashikana*
*Na maisha yatafana*
*Kwenye vijiji nchini.*

Nilisikiliza kwa subira ya mjomba. Alisifu jembe, alisifu shule, alisifu bomba la maji ambalo lilikuwa bado halijafika. Kisha akaingia katika sehemu ya wakaidi, wale waliokataa kuhama, na jinsi ukaidi ulivyowaangamiza wenyewe. Hapo sauti yake ilibadilika. Hakuongeza nguvu, aliipunguza.

*Nyasi kavu zikashika*
*Upenuni zikawaka*
*Upepo ukazunguka*
*Kama mwizi mlangoni.*

*Na jiwe halikukoma*
*Lilisaga likivuma*
*Mbele likirudi nyuma*
*Na moshi umo machoni.*

*Kisha sauti ya jiwe*
*Ikapaa kama mwewe*
*Mtu angoja ajuwe*
*Kimya kilichomo ndani.*

Sitaficha kwamba jambo la kwanza lililonipata lilikuwa furaha. Nilijisemea: alhamdulillahi, mtoto ameanza kuona. Nilimpa ishara asite kusoma, nikazirudia beti zile tatu kutoka kichwani ili nizionje, na sikukwama popote. Ndipo, nikiwa katikati ya ubeti wa pili, furaha ikanitoka.

Nilifumbua macho. Yasini alikuwa akinitazama kama mwanafunzi anayesubiri kusifiwa.

"Hizi umezipata wapi?" nilimuuliza.

"Zimekuja tu, mjomba."

"Hazina kasoro."

Uso wake ulichangamka kama uso wa mtoto. Akaendelea kusoma mpaka mwisho, jembe na bomba tena, nami sikusikia kitu. Nilikuwa nikimsikia matangani akisema kwamba alikuta paa limekwisha kuanguka, hakuna sauti.

Nilijizuia kumdhania mtu uovu kwa sababu ya ubeti. Mshairi hubuni; hilo pia nilimfundisha. Nilijua wapi pa kupata hakika, na nilijua gharama yake. Hakika ikipatikana, ama Zita ataishi na dhambi isiyo yake mpaka kaburini kwa ulimi wangu kunyamaza, ama nitamtoa mtoto wa pekee wa dada yangu. Dini yangu haikuniachia nafasi ya kuchagua katika ushahidi, awe ni jamaa au mgeni. Lakini kuijua amri na kuinua mguu ni mambo mawili, na nilikaa na tasbihi mkononi mpaka adhana ya magharibi bila kusogeza punje moja.

Asubuhi nilidandia lori la mbao liendalo Matai, nikashuka kijijini. Upepo ulikuwa mkali. Katika tambarare ile hakuna mti wa kuuzuia, ni nyasi tu na matuta ya mashamba mpaka macho yachoke. Zita nilimkuta akianika ulezi. Aliinama, akapiga makofi polepole.

"Shikamoo, Maalimu. Bibi Mwavita mzima?"

"Marahaba. Mzima, anakusalimu. Zita, nina swali baya, na usipotaka kunijibu sitakulaumu. Siku ile mama yako alibaki akifanya nini?"

Aliendelea kutandaza ulezi kwa kiganja.

"Alikuwa anasaga," alisema. "Alisema hawezi kufika kwenye nyumba ngeni na punje mkononi, aanze kuomba jiwe la watu. Nimwache amalize, lori likija litamkuta tayari."

"Ulimwambia nani hilo?"

"Hakuna. Tulipofukua majivu, mimi na jirani yetu mama Cornelia, tulimkuta amelala juu ya jiwe, mkono umeng'ang'ania. Mama Cornelia akasema tunyamaze, tumfunike haraka. Watu wangesema alikataa kutoka kwa kiburi, na padri angesikia akakataa kumzika. Mama Cornelia naye alifariki kwenye masika. Sasa niko peke yangu." Aliniangalia. "Kwa nini unauliza, Maalimu?"

"Na hayo makaa ya uji?"

"Niliyafunika kwa majivu. Nakumbuka niliyafunika. Lakini kama niliyafunika, moto ulitoka wapi? Kwa hiyo sikuyafunika." Alilisema hilo bila machozi, kama mtu asemaye jambo alilolisema kila asubuhi.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Yasini. Alikuwa akipigilia misumari kwenye jukwaa la sherehe pamoja na wanamgambo. Alifurahi kuniona, akaniingiza ndani, akaagiza chai. Nilifunga mlango.

"Luciana alikuwa anasaga," nilisema.

Alitabasamu. "Mjomba, wanawake wote wa hapa wanasaga. Nimebuni."

"Hukuwahi kubuni kitu chenye uhai maisha yako yote, mwanangu. Mimi ndiye mwalimu wako."

"Shairi si ushahidi."

"Ulisema uliukuta moto umekwisha. Katika utenzi wako moto unaanzia upenuni, upande wa nje, na jiwe linasaga bado. Watu wawili tu walijua alifia juu ya jiwe. Mmoja amekufa, na mwingine hajawahi kufungua kinywa mpaka leo. Wewe ulisikia kwa masikio yako."

Chai ikaletwa. Alisubiri mlango ufungwe tena. Alipozungumza hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

"Wageni wa mkoani walikuwa njiani, mjomba. Kitongoji chote kimehama, nyumba moja imebaki kama jino bovu. Sikuamriwa kuchoma, nakiri. Nilitaka atoke. Nilisema, moshi ukimfikia atatoka mwenyewe. Hata kuku hutoka."

"Na alipoendelea kusaga?"

"Nilidhani ananidharau." Aliinamisha kichwa. "Nilisimama. Kila nilipotaka kwenda mlangoni nilisikia lile jiwe, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama vile hakuna katibu pale nje, kama vile mimi si kitu. Nikasema, haya, tuone."

"Tuone nini?"

Nilikuwa nimekwisha kuusikia ule ubeti wa tatu.

Akasema, kwa sauti ile ile aliyoniletea beti zake tangu utoto, "Lakini si umesema hazina kasoro?"

Nilikuwa nimekuja kutafuta ndani yake majuto, hata kidogo, nipate cha kumpelekea dada yangu. Alichokuwa nacho kilikuwa fahari. Alikuwa ameyatunza maumivu ya yule mama mwaka mzima, akayachonga, akayapigia msasa, akayaleta kwangu yasifiwe, nami niliyasifu.

"Nenda kwa Adolfu," nilimwambia. "Mwambie mwenyewe. Nitakusindikiza, nitakaa nawe, lolote litakalokuja tutalipokea wawili."

"Nitazifuta hizo beti. Tazama." Alitoa karatasi mezani, akachana, akatia vipande katika jiko la mkaa la kuotea baridi. "Zimekwisha. Hakuna aliyezisoma."

"Yasini, unajua zilipo."

Aliniangalia kichwani, haswa, kama mtu aangaliaye nyumba iliyobaki peke yake. Ndipo kwa mara ya kwanza nilimwogopa mtoto niliyemlea. "Wewe ni mjomba wangu," alisema. "Huwezi."

Nilitoka. Hakunifuata.

Adolfu alikuwa uani kwake, akichonga mpini wa jembe, na mkewe Agnesi akichambua maharage. Adolfu ni mtu wa mzaha hata akiwa na uchungu. Aliponiona aliweka shoka chini.

"Karibu, Maalimu! Umekuja kutusilimisha? Mimi nitakubali, ila pombe ya ulezi nani ataimaliza?"

"Leo sikuja na jema, Adolfu. Mwite dada yako."

Mzaha ukamtoka. "Mimi sina dada wa kuitwa hapa."

"Basi nitakwenda kumleta mimi, na nikifika naye usisimame ukaondoka. Nakuomba kwa mvi zangu."

Nilimleta Zita. Alisimama mpakani mwa ua wa kaka yake, hakutaka kuvuka. Kwa hiyo nilisimama kati yao. Sikujua namna nyingine ya kulisema jambo lile, na nilihofu kwamba nikilieleza kwa maneno yangu mwenyewe nitampunguzia Yasini hapa na pale, kwa huruma ya damu. Nikafumba macho, nikazighani beti tatu kama zilivyotungwa, sikuongeza wala sikupunguza.

Nilipomaliza, Zita alisema, "Rudia pa jiwe."

Nilirudia. *Mbele likirudi nyuma, na moshi umo machoni.*

"Ndivyo alivyokuwa akisaga," Zita alisema. "Ndivyo hasa." Kisha akakaa chini palepale.

"Nani ametunga?" Adolfu aliuliza.

"Mtoto wa dada yangu. Alikuwa nje ya nyumba. Aliwasha upenuni, kwa mkono wake, akasimama akisikiliza. Amekiri mbele yangu leo."

"Katibu?"

"Katibu."

Agnesi alijifunika uso kwa khanga. Adolfu aliliokota shoka, nami nilidhani naona mwisho wa Yasini. Lakini alilichomeka kwenye gogo, kwa nguvu, likazama. Akaenda pembeni mwa nyumba, akarudi na kigae. Alimpita dada yake bila kumwangalia, akaenda nyumbani kwa Zita, akatoka na kaa jekundu. Hakufuata njia ya mkato. Alipita katikati ya kijiji, mbele ya jukwaa la sherehe, mbele ya mlango wa ofisi, akilipuliza lile kaa lisizimike, na watu waliacha kazi zao wakamtazama. Mekoni kwake mwenyewe moto ulikuwa ukiwaka tayari. Aliuzima kwa maji, wote, akawasha upya kwa kaa la Zita. Ndipo akarudi mpakani mwa ua, akainama mpaka goti likagusa vumbi, akapiga makofi ya salamu, polepole, mpaka dada yake alipoweza kuinua mikono kumwitikia.

Juma lile mimi na Adolfu tulikwenda katika ofisi moja ya mjini. Bwana Ambwene, afisa wa serikali pale, mtu wa Mbeya, mpole, alitusikiliza mpaka mwisho na hata akaomba nimghanie. Kisha akasema, "Maalimu, nakuamini. Lakini karatasi imeungua, na yeye anakana. Nikipeleka mashairi kwa hakimu atanicheka." Alichoweza, alisema, ni kuandika ahamishwe. Na kweli Yasini alihamishwa, bondeni, upande wa Milepa, kwa cheo kile kile. Kabla ya hapo sherehe ilifanyika. Utenzi ulisomwa bila zile beti, nao ulipigiwa makofi mengi.

Kwa Mwavita sikuwa na ujasiri niliokuwa nao kwa Adolfu. Lakini habari zilimfikia kabla yangu. Nilimkuta amekaa kando ya jiwe lake uani, ungo wa ulezi mapajani, hasagi.

"Wanasema umemuuza mwanangu."

Nilikaa chini, jiwe likiwa kati yetu.

"Nighanie."

"Dada, usi—"

"Umewaghania Wafipa, umewaghania watu wa Mbeya. Mimi mama yake ndiye nisisikie?"

Nilighani. Alisikiliza akiwa amelitazama jiwe, na nilipofika mwisho alilipitishia kiganja, mbele, kisha nyuma.

"Ndiyo maana alikuwa akikimbilia barabarani," alisema.

Kesho yake alifunga mizigo. Nilimwambia nyumba ni yake, nilimwambia hana kosa, nilimwambia bondeni kuna joto na malaria naye kifua chake hakiwezi. Alifunga fundo la mwisho kwa meno.

"Najua alivyo," alisema. "Sasa najua. Lakini ni nani mwingine atakayekaa naye akijua?"

Alimfuata. Hajanitumia salamu, na wapitao kutoka Milepa husema kwamba katibu ni mtu mtulivu, anaheshimika, na kwamba nyumbani kwake hula unga wa mashine. Kuhusu kama anatunga bado, sijauliza. Zile beti tatu ninazo. Nimejaribu kuzisahau, na kichwa nilichokizoeza tangu utoto kushika kila kinachoghaniwa hakikubali. Na kila zinapojirudia, baada ya sala, natafuta mahali pa kukwama, sipati.

Jiwe Mwavita aliliacha. Alisema lilikuwa zito mno kwa safari. Liko uani hadi leo, na mvua za kwanza zilipokuja, maji yalituama katika bonde la mgongo wake.